Paneli za sola ziwe za mwisho kununuliwa

Mkulima wa zabibu wa Hombolo au Mpunguzi akiamua kumwagilia kwa sola, mara nyingi safari yake huanzia dukani. Anaulizwa ana ekari ngapi, anatajiwa idadi ya paneli, analipa. Naona kosa kubwa linazaliwa hapo. Paneli zinunuliwe mwisho kabisa, baada ya kisima kupimwa uwezo, maji kupimwa chumvi na mipira ya kumwagilia kwa matone kuchaguliwa. Dodoma jua tunalo la kutosha. Tunachopungukiwa ni maji: mvua yetu ni kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote ikinyesha kati ya Desemba na Aprili, na miezi iliyobaki inabebwa na kisima.

Pampu ya dizeli ilikuwa na breki yake. Mafuta yakiisha, inazimwa. Sola haina breki hiyo: jua likichomoza inavuta, na itavuta hadi jioni hata kama shamba limeshatosheka. Ndiyo maana mtambo wa sola unahitaji hesabu kali kuliko ule wa dizeli.

Tuchukue ekari moja ya zabibu yenye nafasi ya mita 3 kwa 2. Hiyo ni mizabibu kama 670. Tukiupa kila mmoja lita 18 kwa siku wakati wa joto kali, tunahitaji mita za ujazo 12 kila siku. Sasa kisima. Fundi akishusha kamba anakuta maji kwenye mita 25, na hapo wengi huishia. Lakini hicho ni kina cha maji yaliyotulia. Pampu ikianza kuvuta, maji yanashuka, na katika kisima cha mfano huu yanatulia tena kwenye mita 48. Hicho ndicho kina cha kupigia hesabu. Ongeza mita 4 za mnara wa tenki na mita 3 za msuguano ndani ya bomba, jumla mita 55.

Zidisha 12 kwa 55 kwa 2.725 (namba ya kubadili mita za ujazo na mita za kuinua kuwa wati-saa), unapata kama wati-saa 1,800 za kazi halisi ya kuinua maji. Pampu na mota yake hupoteza zaidi ya nusu, kwa hiyo gawanya kwa 0.45: wati-saa 4,000. Kwa hesabu za Dodoma chukua saa 5.5 za jua kamili, yaani jua la siku nzima likihesabiwa kana kwamba lote ni kali, kisha kata asilimia 20 kwa ajili ya joto, vumbi na nyaya, zinabaki saa 4.4. Gawanya 4,000 kwa 4.4, jibu ni kama wati 910, yaani paneli tatu za wati 330. Aliyetumia mita 25 atapata wati 530 na kununua paneli mbili. Paneli mbili kwenye mita 55 hazifikishi hata mita 9 za ujazo, na asubuhi pampu itazunguka bila tone kufika juu. Kisha lawama inaenda kwa sola.

Kuna mtego mwingine usioonekana kwenye hesabu ya siku nzima. Kisima kilichopimwa lita 2,000 kwa saa kinaonekana tajiri, maana kwa saa 24 ni lita 48,000. Lakini jua halikupi saa 24. Mtambo wa mfano wetu, saa sita mchana, utavuta lita 2,200 kwa saa, na kisima hicho kitakaukia pampu ikiwa inazunguka. Pampu ya kuzama hupozwa na maji yanayoipita. Ikizunguka kavu inaungua. Kwa hiyo kisima kipimwe kwa kuvutwa mfululizo, saa 24 ikiwezekana, na usivute zaidi ya theluthi mbili ya kile kipimo kilichoonyesha. Kama kisima ni kidogo, punguza kasi ya pampu kwenye kontrola, kifaa kinachoiendesha, au punguza eneo. Kununua pampu kubwa zaidi hakuongezi maji chini ya ardhi.

Sensa ya kuzuia pampu kuzunguka kavu ifungwe juu ya pampu, sio chini yake. Itolewe na kusuguliwa mara moja kwa mwaka, kwa sababu maji yetu yenye chokaa huigandisha ikaendelea kusema maji yapo wakati hayapo. Na jointi ya waya inayozama majini ndiyo huua pampu nyingi. Angalia fundi anavyoiunga: kila waya peke yake, umebanwa kwa soketi, kisha umevalishwa mpira wenye gundi unaonywea kwa joto. Akitoa tepu nyeusi mfukoni, msimamishe. Tepu hiyo inapitisha maji polepole, na siku kontrola itakapoanza kuzima mtambo bila sababu, pampu italazimika kuvutwa yote juu.

Paneli zenyewe hazina mengi. Dodoma iko kusini mwa ikweta, kama digrii 6, basi zitazame kaskazini kwa mwinamo wa digrii 10 hadi 15. Zikilazwa kabisa, vumbi la Agosti na Septemba hukaa na mvua hailiondoi. Zioshwe alfajiri, kabla kioo hakijapata moto. Kivuli cha mwembe kwenye paneli moja hupunguza nguvu ya zote zilizoungwa kwa mfuatano.

Betri achana nazo, hifadhi maji. Tenki la lita 10,000 lina uzito wa tani 10 likijaa, kwa hiyo mnara wa mbao haufai. Kwenye mita 4 tenki linakupa shinikizo la ba (bar) 0.4 tu. Tundu la mpira wa matone lililoandikwa lita 2 kwa saa limepimwa kwa ba 1. Kwenye ba 0.4 linatoa kama lita 1.3. Mzabibu wenye matundu mawili utahitaji saa 7 kupata lita zake 18. Anayefungulia saa mbili halafu akashangaa majani kunyauka, kosa lake liko hapo. Chukua matundu ya lita 4, utamaliza kwa saa tatu na nusu. Weka chujio la disiki la maikroni 130, na kila wiki fungua ncha za mipira maji yasukume tope nje.

Chumvi wengi hawaipimi kabisa, wakati kipima chumvi cha mkononi kinatoa jibu kwa dakika moja. Zabibu huvumilia maji ya hadi mikrosimens 1,000 kwa sentimita, namba inayosomwa kwenye kipima hicho, bila kupoteza mavuno. Yakifika 1,700 mavuno hupungua kama asilimia 10. Vitunguu ni dhaifu zaidi, mwisho 800. Matone husukuma chumvi pembezoni mwa duara la unyevu, na mvua ndogo ya kwanza ya Desemba huirudisha kwenye mizizi. Siku hiyo usifunge maji. Endelea kumwagilia hadi mvua kubwa ioshe udongo.

Tandaza mabua ya uwele au mtama, unene wa sentimita 7 hadi 10, ili jua lisinywe maji uliyoyavuta kutoka mita 48. Najua mchwa na ng'ombe wa jirani wanayataka mabua hayo. Kwa ng'ombe, makubaliano ya mabua kwa samadi yanawezekana, na samadi inahitajika shambani.

Wakulima wa uwele na mtama, ambao ndio wengi, hawahitaji pampu hata moja. Mashimo ya Chololo, yaliyobuniwa hapahapa Dodoma, yana kipenyo cha kama sentimita 22 na kina cha sentimita 30, yakiwa na nafasi ya sentimita 60 ndani ya mstari na 90 kati ya mistari. Yanashika maji ya mvua pale yanapoangukia, na kazi yake ni jembe na samadi.

Anayevuta maji ya ardhini kwa kilimo anahitaji kibali cha bodi ya maji ya bonde lake: Makutupora iko Wami/Ruvu, Bahi iko Bonde la Kati. Afunge pia mita ya maji kwenye bomba. Kila Ijumaa asubuhi, kabla pampu haijaanza, ashushe kamba yenye alama na kuandika kina cha maji. Kama baada ya kifuku kizuri maji hayajarudi pale yalipokuwa mwaka uliopita, apunguze mistari ya kumwagilia mwaka huohuo, kabla kisima cha jirani hakijakauka.