Yule mzee hajaekspaya

Jumamosi nilikuwa soko la samaki la Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, nanunua dagaa, nikasikia kijana anamwambia mwenzake kuhusu mzee aliyekaa pembeni, "achana na huyo, ameshaekspaya". Mzee alisikia. Akainama tu akaendelea kukaza skrubu. Mpaka leo naandika bado nina hasira.

Yule mzee namjua toka niko mdogo, alikuwa fundi karabai. Waliokulia kando ya ziwa wanajua, usiku wa giza unaona taa za wavuvi wa dagaa zimejipanga kule majini kama kuna mji mwingine, asubuhi karabai zenye pampu mbovu na vioo vilivyopasuka zote zinaishia kwake. Halafu zikaja taa za sola na betri, na mafuta ya taa yalivyo bei watu wakahama taratibu, tukajua mzee basi tena. Kumbe alikuwa anaenda kwa dogo anayetengeneza simu pale jirani, anamnunulia chai anamuuliza huu waya unaenda wapi, hii betri mbona haikai na chaji. Mtu na mvi zake anafundishwa na mtoto sawa na mjukuu wake na haoni haya! Leo hizo taa anazitengeneza yeye.

Ndo maana nasema kinachomwacha mtu nyuma kazini mara nyingi sio umri, ni aibu ya kuuliza. Ofisini nimeona watu, mfumo mpya umeletwa, kila siku wanamwachia kijana awaingizie kazi zao, mwaka wa tatu huu, na ukiwaambia wakae nae nusu saa tu wanakasirika.

Sawa, kuna mahali kujifunza peke yake hakutoshi. Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, zile kilomita 3 tunavuka kwa dakika chache, mimi mwenyewe nikienda Sengerema nashukuru. Lakini mama aliyekuwa anauzia abiria wa kivuko hakuzembea popote, wateja ndo wamepita juu. Huyo mpeni mtaji, msimpe semina.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba haya macho ya kazini tumeyaleta mpaka nyumbani. Baba yangu mdogo alikuwa na duka Buzuruga, hakuna kamati ya harusi aliyoachwa. Duka likafungwa, simu zikakatika, sa hivi hata kadi haletewi. Mwezi uliopita nilimuuliza, baba, nani anakuja kukuona? Akasema, "Umekuja wewe, mwanangu, na umefuata ngazi."

Sikuwa na jibu, kwasababu ni kweli nilifuata ngazi, nilienda kumwazima.

Jumapili nikamrudishia ngazi yake, nikambebea na wale dagaa wa Kirumba. Hakuna nilichokuwa nahitaji. Tukakaa nje anihadithie habari za duka mpaka giza likaingia, na kuondoka nikaondoka kwa shida.