Eti paipulaini ni ya wenye seva kubwa? Hapa Kisumu naona kinyume

Sisi tunaochambua data ya RNA ya mbu na wagonjwa wa malaria huku tuna ubishi hauishi. Kuna wanaosema Nextflow na Snakemake, programu za kuandika paipulaini (yaani hatua zote za uchambuzi zikaandikwa mara moja zikajiendesha zenyewe), ni za wenye pesa, wewe una sampuli kumi na mbili na masta ya kumaliza, lugha mpya ya nini, piga komandi moja baada ya nyingine uende nyumbani.

Na wana hoja. Kushusha kontena (kifurushi chenye programu na vyote inavyohitaji) kunamaliza bando ukiangalia, halafu STAR, programu ya kulinganisha vipande vya RNA na jinomu, kwa jinomu ya binadamu inataka RAM karibu GB 30, laptopu ya GB 8 haitoboi hata uiombee. Paipulaini haiongezi RAM.

Lakini sasa stima. Imepotea saa nane usiku ukiwa sampuli ya tisa, asubuhi unapata faili ya BAM (matokeo ya huo ulinganishaji) iliyokatika katikati imekaa hapo na jina lake zuri tu kama wenzake, utajuaje? Kwa Nextflow unaweka -resume, zilizoisha haziguswi, ile iliyokatika inarudiwa (mradi hujafuta folda ya work inakoweka kazi zake, wengi hufuta). Sasa nani anahitaji hiyo zaidi, wa London ama mimi?

Halafu kuna namba hainitoki kichwani. Mwaka wa 2016 watu walipekua orodha za jeni za Excel zilizoambatanishwa na makala za sayansi, wakapata karibu makala moja kwa kila tano ina majina yaliyoharibika, Excel ilidhani ni tarehe, jeni SEPT2 imekuwa Septemba 2, MARCH1 imekuwa Machi 1. Moja kwa tano! Na si uvivu, mtu alifungua faili aangalie tu, akasevu, basi. Kufikia 2020 wenye kusimamia majina ya jeni za binadamu wakasalimu amri, jeni zikaitwa SEPTIN2 na MARCHF1, yaani kubadilisha jina la jeni kulikuwa rahisi kuliko kubadilisha Excel. (Za Anopheles gambiae, mbu wa malaria, zinaanza na AGAP, ziliponea.) Huo mkono uliofungua faili haujaandikwa popote. Kwa paipulaini kila hatua imeandikwa na vasheni yake, hata ikiwa na kosa utaliona.

Maana aliyefanya kazi huhitimu akaenda zake, halafu zinakuja sampuli sita za kuongeza, na hakuna anayejua kama featureCounts, programu ya kuhesabu vipande vya kila jeni, iliwekwa -s 0 ama -s 2 (kutojali uzi wa RNA ama kuujali kinyume), na simu hashiki.

Ila sampuli mbili za kujaribu protokoli, hata mimi napiga kwa mkono.