Bwana Harusi wa HiAce

Kuegesha gari katikati ya Kampala ni kazi ya watu wenye subira au jamaa mjini. Kuanzia Ben Kiwanuka Street hadi Kikuubo kila upenyo umekaliwa na teksi, yaani ile ya abiria 14 ambayo Mkenya huiita matatu. Nilimwambia shemeji tupande teksi kama watu wengine. Akakataa. Eti godoro tunalokwenda kununua halibebeki kwa boda. Mji huu huu ambao nimeona boda imebeba kitanda, na mwenye kitanda amekaa juu yake!

Basi tukaenda na HiAce yake nyeupe, ya familia, inayofanana na teksi ila haina ule mstari wao wa miraba ya buluu ubavuni. Tulizunguka hadi taa ya mafuta ikawaka. Karibu na Old Taxi Park kijana mmoja akatupungia tuingie kwenye nafasi. "Nendeni tu, ssebo, nitaiangalia." Shemeji akanitazama kwa majivuno.

Tuliporudi na godoro, gari lilikuwa limejaa watu. Mlango wa ubavuni haujawahi kufungika sawasawa tangu litoke Japani, na kijana alikuwa ameshapakia abiria wa Ntinda. Mama mmoja mwenye jogoo mapajani akaniuliza kwa ukali tulikuwa wapi muda wote huo. Kijana anadai ujira wake wa kupigia debe, teksi za nyuma zinapiga honi, hakuna anayekubali kushuka. Shemeji akahesabu vichwa kimoyomoyo, akalifunga godoro juu ya gari, kisha akaninong'oneza: "Shem, kusanya nauli."

Nikawa konda. Nimejikunja mlangoni, noti za elfu mbili mbili zimepangwa vidoleni, na kusema kweli nilianza kunogewa.

Kabla ya Lugogo, askari wa trafiki mwenye sare nyeupe akatusimamisha. Akatumwagia Kiswahili cha kambini: gari la binafsi, abiria hawa wa nini?

Shemeji akapoteza sauti. Mama wa jogoo ndiye aliyejibu. "Afande, tunakwenda kwanjula."

"Kujitambulisha kwa wakwe? Bwana harusi yuko wapi?"

Gari zima likaninyooshea kidole.

"Mbona hana kanzu?"

"Iko kwa dobi Nakawa, tunaipitia."

"Na godoro?"

"Zawadi ya mama mkwe," akadakia mzee wa kiti cha nyuma. Mama akamwinua jogoo hadi usawa wa uso wa askari: "Na huyu ni wa shemeji yake, kaka wa bibi harusi!" Hapo afande akalegea, maana kwanjula bila jogoo wa kaka mtu haijakamilika. Akanipa mkono, akanitakia watoto wengi, akaturuhusu.

Tulipopita Nakawa, mama akanigusa bega, kiganja wazi.

"Mwanangu, rudisha elfu mbili yangu. Ndugu wa bwana harusi hawatozwi nauli."

Nyuma yake mikono mingine yote ikanyooshwa.