Eti Mbaraka Hana Albamu

Juzi rafiki yangu kanitumia orodha yake ya albamu kumi za Afrika Mashariki ambazo hazitakufa. Nikaisoma juu hadi chini, nikarudia. Mbaraka Mwinshehe, yule mwimbaji na mpiga gita wa Morogoro, hayumo. Nikampigia simu hapo hapo. Akanijibu bila wasiwasi: "Ndugu yangu, Mbaraka hana albamu. Ana mikusanyiko tu."

Usiku ule usingizi ulinipaa.

Mtu aliyepiga gita hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya 1970, akiwa na bendi ya Morogoro Jazz. Aliyeondoka 1973 akaunda bendi yake, Super Volcano. Leo anakosa nafasi kwa sababu kazi yake ilitoka kwenye santuri ndogo!

Mjomba wangu pale Morogoro alikuwa na sanduku zima la santuri hizo, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuzigusa. Wimbo mmoja ulikatwa mara mbili, sehemu ya kwanza upande huu, ya pili upande ule. Mjomba anainua mkono wa gramafoni, anageuza, anapuliza vumbi, anashusha sindano taratibu. Sebule nzima kimya, macho yote kwenye vidole vyake. Mara nyingi maneno yalikuwa yameshaimbwa. Upande wa pili magita yanaachiwa, na shangazi, hata kama alikuwa anachambua mchele, anasimama. Wanamuziki wa enzi ile walijua pumzi ya msikilizaji itakatika pale katikati, wakatunga wakijua hivyo. Sasa mtu aniambie hapakuwa na mpangilio kwa vile hapakuwa na nyimbo kumi ndani ya ganda moja.

Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979. Baadaye nyimbo zake zikakusanywa kwenye mfululizo wa santuri kubwa, Ukumbusho. Ni kweli, hakuzipanga yeye. Hilo nalikubali, ingawa linaniuma. Lakini ndizo zilizomfikisha kwa wengi wetu tuliozaliwa baada ya msiba. Nyumba ngapi zilimjua kwa kaseti iliyonakiliwa kutoka humo, jina limeandikwa kwa kalamu ya wino? Kazi iliyolea masikio ya watu wengi hivyo ikikosa nafasi, basi hiyo nafasi tunamwekea nani?

Kwa kigezo hicho hicho hata Siti binti Saad, malkia wa taarab wa Zanzibar aliyesafiri hadi Bombay 1928 kurekodi, atafutwa.

Orodha yenyewe inaanza na Songs for the Poor Man ya Remmy Ongala, ya 1989. Siibishii. Ukisikiliza "Kipenda Roho" humo ndani huna la kusema, na Dar es Salaam ilishampa heshima yake: kituo kina jina lake, makonda wanaita "Sinza kwa Remmy" kila siku. Ila ile ilitoka Uingereza, kwenye lebo ya Real World, ikiwa albamu tangu siku ya kwanza. Ilikuja na umbo ambalo watunga orodha wanalitambua. Machozi, Jasho na Damu ya Professor Jay, yule wa Bongo Fleva, nayo ibaki, hilo halina mjadala.

Nimemwambia rafiki yangu aongeze namba ya kumi na moja. Amesema orodha ni ya kumi. Jumamosi anakuja nyumbani. Sanduku la mjomba sasa ninalo mimi, na nimeshanunua sindano mpya.