Kahawa ya Kigoma na cheti cha Fairtrade: shida yetu inaanza Januari

Kila nikisikia watu wanabishana kuhusu Fairtrade, ile tunaita biashara ya haki, yaani cheti kinachomtaka mnunuzi asishuke chini ya bei fulani anaponunua kwa chama cha wakulima, ubishi unaishia kwenye bei tu. Mmoja anasema tangu Agosti 2023 bei ya chini ya arabika iliyooshwa ni dola 1.80 kwa pauni ya uzito (karibu nusu kilo), mwingine anamjibu mbona mwanzoni mwa 2025 soko la kahawa la New York lilivuka dola 4, sasa cheti cha nini? Na kweli, soko likiwa juu hivyo bei ya chini haina kazi, chama kinalipwa ya soko. Ila wanaoongea hivyo wamesahau 2001, kahawa ilishuka mpaka chini ya senti 50 na waliouza kwa Fairtrade walikuwa wanapata zaidi ya dola 1.20. Mbuni unakaa shambani miaka na miaka jamani, huwezi kuung'oa kila bei ikiporomoka.

Mimi lakini kinachonikaa rohoni ni kingine. Huku kwetu Kalinzi, Kigoma, ukipita na lami ya Manyovu unaona migomba na mibuni imebanana, unaweza kudhani watu hawana shida. Njoo Januari. Shule zimefunguliwa, daftari, sare, michango, na kahawa bado ni punje za kijani. Hapo ndo anatokea mlanguzi, anazunguka shamba, anakadiria magunia kwa macho, anatoa hela taslimu kwa nusu ya bei au chini ya hapo, mzee anabonyeza dole gumba kwenye daftari lenye mistari ya peni nyekundu na kahawa imeshakuwa ya mtu. Kagera wanaita butura, imekatazwa miaka yote na bado ipo kwa sababu hela ya sare haisubiri mnada. Msimu ukifika mama anachuma zile nyekundu tu, anazimenya, anazigeuza kichanjani juani, anachambua mbovu moja moja kwa vidole, halafu faida anakula mwenye daftari. Inaniuma sana.

Sasa kwenye masharti ya Fairtrade ya kahawa kuna kipengele watu hawakitaji kabisa: chama kikiomba, mnunuzi anatakiwa kutoa malipo ya awali mpaka asilimia 60 ya thamani ya mkataba. Sisemi hela ya Ulaya itafika Januari, mikataba mingi inasainiwa msimu ukikaribia, lakini AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, yenye hela ya kulipa siku kahawa inapopimwa kwenye mzani ni tofauti na AMCOS inayokuambia subiri mnada.

Na ya Januari dawa yake iko kwenye ile nyongeza ya senti 20 kwa pauni, inalipwa juu ya bei hata soko likiwa dola 4. Piga hesabu, kontena la gunia 320 za kilo 60 linaleta zaidi ya dola 8,000, na matumizi yanapangwa na mkutano mkuu wa wanachama, ingawa robo yake lazima iende kwenye ubora na uzalishaji. Mimi ningepiga kura sehemu iwe mfuko wa kukopeshana ada na sare, kwa riba ndogo, tumkate mguu mlanguzi. KCU, chama kikuu cha ushirika cha Kagera, nyongeza yao waliingiza mpaka kwenye hisa za kiwanda cha kahawa cha Tanica pale Bukoba, kwa hiyo sio ndoto.

Tusidanganyane lakini, cheti sio soko. Chama kinalipia ukaguzi kila mara, halafu kikipata mnunuzi wa Fairtrade wa robo ya mzigo tu, ile nyingine inauzwa kama kahawa ya kawaida. Na hiyo 1.80 ni ya kahawa ikiwa imeshafika bandarini, kutoka Kigoma mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, kuna kukoboa, magunia, usafiri, makato ya chama, ndo kinachobaki kinamfikia mkulima. Kwa hiyo mkutano mkuu ukiitishwa twendeni, kina mama pia maana kazi ni yao, tuulize magunia mangapi yameuzwa kwa cheti mwaka huu, nyongeza imeingia shilingi ngapi na malipo ya awali yaliombwa au hayakuombwa, na majibu yasomwe kutoka kwenye kitabu cha mahesabu, sio kichwani kwa mwenyekiti.