Blu*3 haikufa siku Cindy alipoondoka

Kwa watu wengi wa rika langu, habari za Blu*3, kundi la mabinti watatu waimbaji wa Uganda, zinaishia mwaka 2008, Cindy alipotoka kundini. Ukimtaja Mya, aliyemrithi, unaulizwa, "Mya yupi?" Swali hilo linaniuma kila nikilisikia.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 2004 Coca-Cola waliendesha shindano la kusaka waimbaji, Popstars, Uganda, Kenya na Tanzania, na kila nchi ikatoa kundi la watu watatu. Kenya wakapata Sema, alimokuwemo Sanaipei Tande. Sisi Bongo tukapata Wakilisha: Langa, Shaa na Witness. Uganda wakapata mabinti watatu, Lillian Mbabazi, Jackie Chandiru na Cinderella Sanyu, yaani Cindy. Halikuwa kundi la marafiki wa mtaa mmoja. Majaji ndio waliowakutanisha.

Wakilisha haikukaa. Kila mmoja akashika njia yake, na Langa tukamzika mwaka 2013. Mabinti wa Kampala ndio waliosonga mbele. Nakumbuka video ya "Hitaji" kwa jirani yetu, watoto tumejazana mkekani mbele ya televisheni. Jina la wimbo la Kiswahili, basi tukawahesabu wa kwetu. Kila mtu alikuwa na wake: dada yangu Lillian, mimi Cindy, na ole wako ukatize mbele ya kioo kiitikio kinapoingia.

Kwa hiyo uchungu wa kumpoteza Cindy naujua. Sauti yake ina nguvu na mikwaruzo yake. Ukiitoa, pengo lazima lionekane. Lakini Mya Baganda, aliyeingia nafasi yake, tulimpokea kama kipuri cha gari. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tukamweka mgeni kwenye mizani ya aliyeondoka, na hata kabla hajafungua mdomo tukasema amepungua. Huo ulikuwa uonevu, na mimi nilikuwa mmoja wa wasemaji.

Maana baada ya Cindy kuondoka ndipo Blu*3 walipoimba "Where You Are" na Radio na Weasel, waimbaji wawili wa Uganda. Wale wale wanaoapa kwamba kundi lilikufa 2008 huuimba wimbo huo mwanzo hadi mwisho, macho wamefumba. Sasa wanadhani aliimba nani?

Baadaye wakatawanyika kweli. Jackie akatamba na "Gold Digger", Lillian akaimba peke yake, Cindy akawa jina kubwa la dancehall Uganda. Nawafurahia wote. Bado lakini sijasikia tena Kampala mabinti watatu wakipokezana namna ile, mmoja anashuka, mwingine anapanda, wa tatu anawafunga pamoja.

Juzi mpwa wangu alisikia "Where You Are" kwenye simu yangu. Wa kwanza na wa pili aliwatambua. "Na huyu mwingine, mjomba?"

Nikamwambia huyo ni Mya, na nikaurudisha wimbo mwanzo amsikilize vizuri.