Nunua mita kabla ya kununua redio

Gari langu, Toyota Ist niliyoinunua kwa mtu, lilikuja na ugonjwa mmoja. Ukiliegesha Ijumaa jioni usiliguse tena, Jumatatu asubuhi stata inatoa mlio mmoja mkavu, tak, basi. Taa za dashibodi zinafifia mpaka huzioni. Gari la otomatiki halisukumwi likawaka, kwa hiyo kila Jumatatu nilikuwa namgongea jirani mlango alete nyaya za kubusti.

Fundi wa kwanza aliinua boneti, akatikisa tamino, zile ncha za betri, akasema betri imekufa. Nikanunua mpya. Wiki mbili hazikupita ugonjwa ukarudi. Wa pili akasema alteneta, ile mashine ya kuichaji betri injini ikiwaka, haichaji, nikatafuta ya mtumba, ikafungwa. Jumatatu iliyofuata, tak. Hadi hapo laki tatu na ushee zilikuwa zimeshaondoka, na kati yetu watatu hakuna aliyekuwa amepima kitu chochote. Betri ilihukumiwa kwa kutazamwa, alteneta kwa kusikilizwa. Nami nilikubali, kwa sababu sikuwa na la kujibu.

Nikaenda Kariakoo nikanunua multimita, mita ya kupimia umeme, kwa shilingi 25,000. Jioni, baada ya kuendesha mchana kutwa, nikafungua waya wa hasi na kuiacha betri ilale peke yake. Asubuhi ilisoma volti 12.6. Nikarudisha waya, nikawasha gari, nikapima tena injini ikiwa inanguruma: 14.1. Betri nzima iliyojaa, ikiwa imetulia, husoma hapo hapo kwenye 12.6, ikishuka hadi 12.2 ujue imebaki karibu nusu. Alteneta nzima huipandisha hadi kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Maana yake ni kwamba betri haikuwa na kosa, na alteneta haikuwa na kosa. Ile alteneta ya zamani niliyoiacha gereji nayo pengine ilikuwa nzima kabisa.

Kwa hiyo umeme ulikuwa unavuja gari likiwa limezimwa, na uvujaji nao unapimika. Unahamishia waya mwekundu wa mita kwenye tundu la ampea 10, unafungua waya wa hasi wa betri, kisha mita inakaa katikati, ncha moja kwenye waya na nyingine kwenye betri, ili kila kinachotoka kipite ndani yake. Milango imefungwa, funguo umeutoa. Subiri nusu saa, maana kompyuta za gari hazilali mara moja. Katika hali hiyo usijaribu kupiga stata wala kuwasha taa kubwa, utaunguza fyuzi ya ndani ya mita. Gari dogo lenye afya linatakiwa kushuka chini ya miliampea 50, yaani ampea 0.05. Langu lilisimama kwenye ampea 0.6 na halikuteremka.

Ampea 0.6 inaonekana ndogo mpaka uizidishe. Kwa saa 24 ni ampea-saa 14.4, na betri yangu ni ya ampea-saa 35. Siku mbili zinakula zaidi ya robo tatu yake. Hesabu ya shule ya msingi, na ilikuwa inaeleza Jumatatu zangu zote.

Nikaanza kuchomoa fyuzi moja moja huku natazama namba. Nilipofika kwenye ile iliyoandikwa DOME, ambayo kwenye gari langu inalisha taa ya ndani na kumbukumbu ya redio, mita ikaanguka hadi 0.03. Siku hizi natumia njia bora zaidi, isiyolazimu kuchomoa kitu: juu ya kila fyuzi kuna vidoa viwili vidogo vya chuma vilivyo wazi. Weka mita kwenye milivolti, gusa vyote viwili. Fyuzi isiyopitisha umeme itasoma sifuri, inayopitisha itasoma kitu hata kama ni kidogo sana. Hivyo kompyuta zilizolala haziamshwi.

Nilipoitoa redio nilihuzunika. Plagi ya Toyota ilikuwa imekatwa kwa mkasi na kutupwa. Nyaya zake zilikuwa zimesokotwa kwa vidole na kuvishwa tepu nyeusi ambayo joto lilikuwa limeshaiyeyusha gundi, inateleza kama ganda la ndizi mbivu. Na ile redio ya Android, waya wake wa njano na wake mwekundu vilikuwa vimefungwa pamoja kwenye waya mmoja wenye umeme saa zote.

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu kosa hili nimeshaliona kwenye magari mengi tangu siku ile. Redio yoyote ya kufunga baadaye ina waya wa njano, wa umeme wa kudumu, wa kutunza saa na kumbukumbu. Ina mwekundu, unaopata umeme pale tu funguo ukiwa umezungushwa. Na ina mweusi, wa hasi. Mwekundu ndio unaoiambia redio iamke au ilale. Ukiuunganisha na wa njano, redio haipati kamwe habari kwamba gari limezimwa. Wewe unabonyeza kitufe, kioo kinakuwa cheusi, unashuka ukiamini imezimika, kumbe ndani iko macho usiku kucha. Upande wa gari, kwenye Toyota nyingi, umeme wa kudumu uko kwenye waya wa bluu wenye mstari wa njano, wa funguo ni wa kijivu, wa hasi ni wa kahawia. Nasema nyingi. Ya kwako ithibitishe kwa mita, dakika mbili tu.

Kwa nini nyuma ya dashibodi za magari yetu kuna vidonda namna hii? Sababu inaanzia Japani. Redio za kule zilitengenezwa kushika FM kuanzia megahezi 76 hadi 90, huku zetu zinaanzia 87.5 hadi 108. Gari linashuka bandarini likiwa na redio inayoshika stesheni mbili tatu tu, na maandishi ya Kijapani yasiyosomeka. Kitu cha kwanza mwenye gari anachofanya ni kubadilisha redio, na hapo ndipo mkasi wa kwanza unapoingia. Kinachoniuma ni kwamba mkasi hauhitajiki. Kuna plagi za kati zilizotengenezwa tayari, ya tundu kumi na ya tundu sita, zinazochomekwa kwenye plagi ya Toyota upande mmoja na kuunganishwa na redio mpya upande mwingine. Yangu niliinunua shilingi 10,000, baada ya kutafuta plagi ya kiwandani kwenye gari lililochinjwa na kuirudisha mahali pake waya kwa waya, kwa solda, kila kiungo kikivishwa mrija wa plastiki unaosinyaa ukipata joto. Ilinichukua Jumamosi nzima. Uvujaji sasa ni miliampea 30.

Watu wananiambia: waachie mafundi kazi yao, umeme wa gari si wa kuchezea. Nusu ya kwanza siikubali, ya pili naikubali kwa moyo wote. Ni kweli si wa kuchezea, na anayecheza ni yule anayekata bila kupima, awe fundi au mwenye gari. Ila nimefikiria sana kwa nini mafundi wale wawili hawakupima, na lawama sehemu yake inaturudia sisi. Tunalipa kitu tunachokishika. Fundi akikuuzia betri, unalipa. Akikaa saa nzima na mita kisha akuambie kosa ni waya mmoja, unauliza, sasa hapo nikulipe nini? Fundi ana watoto, ana kodi ya eneo. Amejifunza kutoka kwetu kwamba kupima hakulipi na kubadilisha kunalipa. Tukitaka mafundi wanaopima tuanze kulipia upimaji, tena tukubaliane bei kabla boneti halijainuliwa.

Kabla ya kupeleka gari popote, basi, jua volti zako mbili, ya asubuhi na ya injini ikiwaka. Mwenye namba hizo hauziwi betri asiyoihitaji.

Sasa vifaa. Sina ugomvi na anayeongeza vitu kwenye gari; mwenyewe nina kamera ya mbele na ya nyuma, na nina kifaa cha kufuatilia gari lilipo. Ninachokataa ni kuongeza waya usio na fyuzi yake. Fyuzi haikuwekwa kulinda redio wala taa. Imewekwa kulinda waya, usiwake moto pale utakapochubuka na kugusa bodi. Kwa sababu hiyo inatakiwa ikae karibu kabisa na chanzo cha umeme. Ukiiweka kule mwisho kwenye kifaa, waya wa urefu wa mita mbili kati yake na betri unabaki bila mlinzi. Na anayeweka ya ampea 30 ya kijani mahali pa ampea 10 nyekundu kwa sababu "ile ndogo inaungua ungua", au anayeviringisha unyuzi wa shaba kwenye fyuzi iliyokufa, anamwambia mlinzi alale. Fyuzi inayoungua inakupa taarifa. Isikilize.

Taa za ziada za mbele ndizo zinazonitia hofu zaidi. Mkanda wa taa wa wati 120 unavuta ampea 10. Watu wanaupitisha wote kwenye swichi ndogo ya dashibodi kwa waya mwembamba kama wa spika, na swichi inaanza kunuka. Wengine wanatumia kipande cha waya wa nyumba kilichobaki ujenzini, ule mgumu wa uzi mmoja, ambao kwa mtikisiko wa gari utakatika tu siku moja. Kinachotakiwa ni rilei, swichi inayowashwa na umeme badala ya kidole. Swichi yako inapeleka umeme kidogo sana kwenye miguu yake iliyoandikwa 85 na 86, rilei inajivuta, na umeme mzito unapita kati ya 30 na 87 moja kwa moja kutoka betri kupitia fyuzi ya ampea 15. Na tafadhali, anayekuja mbele yako usiku barabara ya Morogoro naye ana macho. Zima.

Kamera ni rahisi zaidi. Tafuta kishikio cha fyuzi kinachochomekwa kwenye tundu la fyuzi iliyopo na kubeba mbili, ya asili na ya kamera, uchague saketi inayokufa funguo ukitoka. Ukitaka iendelee kurekodi gari likiwa limeegeshwa, nunua ile yenye kikata umeme kinachoizima kamera pale betri inaposhuka karibu volti 12. Bila hicho utarudi kwenye Jumatatu zangu.

Kama hujawahi kugusa nyaya za gari, anza na yule mama wa Kijapani. Unamjua: unawasha gari, anasema maneno yake, unamzoea kama jamaa wa nyumbani. Anatoka kwenye kisanduku cha ETC, mfumo wa kulipia barabara za Japani ulioenea nchini humo kuanzia mwaka 2001, na anachokuambia ni kwamba kadi haijaingizwa. Hapa kwetu kisanduku hicho hakina kazi hata moja. Fungua waya wa hasi kwanza, fuata waya wa kisanduku mpaka kwenye plagi yake, chomoa, ziba ncha vizuri. Utajifunza jinsi dashibodi inavyofunguka, nyaya zinapita wapi, na hutaharibu kitu unachokihitaji. Hasi kwanza kila mara, na hiyo hiyo iwe ya mwisho kurudi: spana ikiteleza kwenye chanya huku hasi bado imefungwa, ikigusa bodi, cheche zake hutazisahau.

Viwili usiviguse kabisa. Plagi za njano chini ya usukani na chini ya viti ni za mifuko ya hewa. Taa ya kupimia ikiguswa hapo inaweza kuufyatua mfuko usoni mwako. Na nyaya nene za rangi ya machungwa kwenye magari ya mseto (haibridi), Aqua na Prius zilizojaa mjini sasa, si za volti 12. Betri kubwa ya Aqua za mwanzo ni volti 144, ya Prius inapita 200. Hizo mwachie aliyesomea, mwenye glovu zake.

Kwa sisi wa pwani kuna adui mwingine asiyeonekana. Chumvi ya hewani inakula pale waya wa hasi unapofungwa kwenye bodi, na gari linaanza vituko visivyoeleweka. Rafiki yangu anayeishi Kigamboni ana Noah. Akikanyaga breki, indiketa ya upande mmoja nayo inawaka hafifu. Alishabadilisha balbu mara tatu na taa nzima mara moja. Mwezi uliopita tulikwenda pamoja kwa fundi mmoja Temeke niliyemwona siku moja akipima. Aliweka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye hasi ya taa ya nyuma, akamwambia rafiki yangu akanyage breki. Volti 1.8, mahali ambapo inatakiwa karibu sifuri. Akaufuata waya karibu saa nzima, akatoa zulia la buti, akaikuta nati iliyogeuka unga wa kutu. Akasugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, akakaza, akapaka grisi, akapima tena: 0.05. Akaomba shilingi elfu ishirini.

Rafiki yangu akashangaa. Kusugua nati moja, elfu ishirini? Nikamkumbusha zile balbu, ile taa, na laki tatu na ushee zangu. Akanyamaza, akatoa noti mbili za elfu kumi. Fundi akazipokea kwa mikono miwili, akaanza kukunja nyaya za mita yake.